Siku Ulipoulizwa Unakaa Wapi

Kaka Nassor,

Sijamwambia mtu yeyote hili: siku yule mwanafunzi mwenzako alipokataa kukuuzia bastola yake, nilifurahi. Wewe ulikuwa ukilalamika kwenye simu, na mimi huku ukumbini nimejiziba mdomo kwa mtandio nisicheke. Nilidhani Amerika imekukataa, basi utarudi.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa skuli zetu huku ni za Kiarabu, hakuna aliyenifundisha kukiandika. Kiarabu changu kitatoka kama insha ya mtihani, Kiingereza kitatoka kama barua ya kuomba kazi. Hiki ndicho tulichokuwa tukigombania kwacho mkate wa boflo asubuhi.

Unaikumbuka arusi ya jirani, hapa hapa mtaani kwetu Azaiba? Wageni wa bwana arusi walitoka huko milimani, wakaja na bunduki zao kama ilivyo ada yao, wakawa wanaimba na kupiga hewani. Watoto wote walikimbilia nje kutazama. Sisi wawili Bibi alitukamata mikono, akatusukuma chini ya kitanda, na yeye mwenyewe, na magoti yake yale mabovu, akaingia nyuma yetu.

"Bibi, arusi hiyo!" ulimwambia, unacheka.

"Na mimi usiku ule wa mapinduzi Unguja nilidhani arusi," akajibu.

Ukaacha kucheka. Ukaniziba masikio kwa viganja vyako, vinanukia halua, ukawa unaniambia kwa midomo tu, bila sauti: bado, bado, basi. Mpaka leo nikisikia kishindo chochote nangoja "basi" yako.

Ndiyo maana nyumba yetu haina bunduki ukutani kama nyumba za wenzake Baba wa ofisini Al Khuwair. Wakimtania kwamba hana hata moja ya mapambo, hucheka, kisha hubadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo uliponiambia umeekewa bastola kichwani na mwizi kwenye kile kiduka cha petroli ulichokuwa ukifanya kazi usiku, nilifunga mlango wa chumba kwanza. Mama alidhani unafanya kazi maktaba.

"Usimwambie Mama, Bi Kimya," ulisema. "Wewe peke yako ndiye usiyetokwa na maneno."

Ulitaka na wewe uwe nayo ya kwako. Lakini muuzaji akakuomba leseni yako ya gari, akaona ni ya jimbo anakokaa mjomba, ulikokaa mwaka wa kwanza. Akakwambia hapana, wewe si wa jimbo hili, mimi mtu binafsi siruhusiwi kukuuzia. Ulikasirika kweli! "Nimezaliwa nchi hii, Baba alipokuwa akisoma, pasi yao nnayo, halafu naambiwa mgeni?"

Na mimi kimoyomoyo: alhamdulillahi.

Kisha ukapiga simu tena. Ulikuwa umeshauliza, ukanieleza sheria polepole kama ulivyokuwa ukinifundisha hesabu za sehemu. Kwamba mwanafunzi aliyetoka jimbo jingine huhesabiwa mkaazi wa pale chuoni wakati yupo anaishi pale hasa. Akirudi kwao likizo, huko huhesabiwa wa kwao. Kwamba lazima ukae kweli, kupita njia hakutoshi.

"Sasa wewe?" nikauliza.

Nikasikia gari likipita huko kwako.

"Nimekodi nyumba," ukasema. "Nimebadilisha leseni. Nikarudi kwa yule muuzaji, akaniuliza unakaa wapi, nikamwambia nakaa hapa. Na unajua, mdogo wangu, nilipolisema nikaona ni kweli. Mimi sirudi."

Hukusema "kwa sasa". Nilingoja useme.

Bastola ukauziwa. Nafikiri imo ndani ya mtoto wa meza karibu na kitanda chako, na usiku mlango ukigongwa unainyooshea mkono. Mikono ile ile, kaka. Naomba Mungu isikulazimu kamwe. Lakini nikikwambia ukweli, siyo bastola inayonitoa machozi. Ni kwamba mtu asiyekujua sana, aliyetaka tu kuuza kitu chake bila kuvunja sheria, ndiye aliyekuuliza swali ambalo sisi tuliokuzaa na kulala nawe chumba kimoja hatukuwahi kukuuliza. Tulidhani jibu tunalijua.

Mama mpaka leo anadhani analijua. Kila Alhamisi hufua mashuka yako, hata kama hakuna aliyeyalalia. Juzi sokoni Matrah alikununulia udi, akabishana na mwenye duka mpaka nikataka kujificha nyuma ya magunia ya ndimu kavu. "Wa mwanangu huo, anarudi majira ya joto, usinipe vipande vya chini!" Yule bwana akamtilia kipande kikubwa juu, bure, akasema salaam kwa mwanao. Mimi nikaitikia kwa niaba yako.

Nimechoka kuitikia.

Nimekaa kitandani kwako naandika. Namsikia Mama anapanda ngazi, kandambili zake zinapiga, mikononi bila shaka ana mashuka aliyoyaanua kambani, ya moto bado kwa jua. Siku zote nikimsikia hivi hukunja karatasi nikaiweka chini ya mto. Nshaanza kuikunja. Hapana. Naifungua tena, naiweka juu ya godoro, pale anapotandika.

Akiniuliza, ntamwambia unakaa wapi. Ntamshika mikono kwanza.

Kaa salama huko unakokaa, kaka. Basi.

Mdogo wako, Bi Kimya