Nimeuona Mlima kwenye Darubini ya Bunduki

Kambini, porini mbele ya Tabora

Mke wangu Mama Elinami,

Hujambo, na mguu wako unaendeleaje na baridi ya huko juu? Ng'ombe amezaa? Mimi mzima, meno yangu yapo, usiwasikilize wanaosema nimezeeka.

Nikupe habari. Huku mchana joto linapanda mpaka miti ya mbali inaelea kama iko kwenye maji. Mtu anakaa, anatazama, anasahau ni mwezi gani. Basi akaja mgeni wa kuwinda nyati, na bunduki yake imetingishwa na lori njia nzima. Kazi ya kuipima shabaha ni yangu, unajua hakuna mwingine anayeiweza. Lakini bosi akasema mbele ya watu, "Mzee, safari hii ukishindwa, msimu ujao usije. Nyati aliyejeruhiwa anaua watu."

Nikailaza juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga. Risasi zikatawanyika kwenye karatasi kama kuku waliotupiwa jiwe. Nikakaza skrubu za darubini, nikapiga tena, ni yale yale. Nikasema ni upepo.

"Upepo gani, babu?" akasema Maganga, mfuata nyayo wetu, Mnyamwezi mwenye mdomo. "Hata moshi wa sigara yangu umesimama."

Akaichukua bunduki, akageuka kama anaijaza, akanirudishia. Nikavuta triga. Ikalia ta, kumbe hakuweka risasi, na bado mtutu ukaruka pembeni. Bega langu lilikuwa limeogopa mlio kabla haujaja. Bega, si mimi.

"Nimeuona upepo," akasema Maganga. "Umevaa koti lako."

Walicheka, mimi sikuondoka. Nilishinda pale nikivuta triga bila risasi, nimekaa, nimeegemea fimbo, nimesimama, maana nyati hangoji utafute mfuko wa mchanga. Jua likalegea. Nikaweka risasi. Ndani ya darubini, juu ya karatasi, kwenye ule mvuke wa joto, ukatokea weupe. Mama Elinami, ulikuwa mlima wetu, Kibo, vile unavyoonekana asubuhi mlangoni pa jiko lako. Nikakusikia unatua mzigo wa majani ya ng'ombe, huna haraka. Pumzi ikatulia. Kidole kikavuta polepole, mlio ukanikuta niko nyumbani.

Nikapiga tena na tena, nimesimama. Matundu yakakaa pamoja, kushoto kidogo. Nikazungusha darubini, yakaja katikati, kiganja kimoja kinayafunika yote. Mgeni akampata nyati wake, mnyama hakuteseka. Bosi akanipa mkono, akasema msimu ujao kazi ni yangu. Watu wakangoja niseme ndiyo. Nikasema subiri.

Nisalimie mama mkwe, shikamoo yake. Na kaka yangu anayegawa zamu za maji ya mfereji, na dada yako mwenye duka Kiboriloni, ndiye atakayekupa barua hii kutoka kwa dereva.

Bosi anataka jibu kabla mvua haijafunga barabara. Miaka yote sikukuuliza, niliaga tu nikaondoka. Sasa nakuuliza, nije tena huku au nikae nyumbani? Nitafanya utakavyosema.

Ni mimi mumeo, ninayelenga kuliko vijana wote wa kambi hii,

Baba Elinami