Mbegu za Mama Kwenye Beseni

Jumanne

Na bado anasema dawa hiyo aliisoma kwenye simu. Tangu wiki iliyopita Alberto, mume wangu, hali karanga mpaka zilale kwenye maji, ati tumbo litulie. Serikali ilimleta hapa kwetu Olumbi kutoka kusini kukaa ofisini, si kukaa jikoni kwangu.

Leo asubuhi nimekuta beseni limejaa karanga zilizovimba, na kikapu cha mama ki tupu. Zilikuwa mbegu. Mama alizimenya juzi, akisubiri mvua izidi kidogo.

Kwa mila yetu mama hasemi na mkwe, sembuse kumfokea. Alimpa mgongo, akaniambia mimi: "Mwambie mumeo zile ni za kupanda."

"Mwambie mama naomba radhi," akajibu Alberto, hatua mbili tu kutoka kwake.

Nilikuwa mkalimani wa watu wanaosikiana. Moyoni niliogopa. Mbegu zikishalowa zisipopandwa zinaoza, na hatuna nyingine.

"Mwambie achukue jembe," akasema mama.

Basi Alberto akapiga simu ofisini kwamba ana dharura ya kifamilia, akaenda shamba na shati lake la ofisini. Alichimba, mama akafuata akidondosha karanga, mpaka mstari wa tatu uzalendo ukamshinda.

"Baba! Shimo refu hivyo, unapanda karanga au unazika mtu?"

Tangu tuoane mama hakuwa amewahi kumsemesha. Alberto alisimama kama aliyepewa cheo.

Mungu azioteshe tu. Zisipoota wataanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, bila mkalimani, na mimi sijui nitajificha wapi.