Mkwe Nyuma ya Mlango

Chumba cha nyuma, Kitendaguro
13 Novemba 2024

Mkwe wangu Rwekaza,

Pokea salamu zangu kutoka upande wa pili wa ukuta. Habari za tangu asubuhi? Nimekusikia ukipiga chafya. Nakuombea usipate mafua, maana nyumba yenye wagonjwa wawili na mpishi ni wewe, itakuwa balaa. Mimi sijambo kidogo. Mshono unavuta ninapocheka, kwa hiyo mwambie jirani yako Nasma apunguze hadithi zake.

Utashangaa kuandikiwa barua na mtu aliye nyumbani mwako. Vijana wa leo wangesema piga simu. Lakini mimi nimelelewa Muleba na wazee: mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni, hali chakula naye, hamgusi, wala hawakai chumba kimoja. Na simu ni sauti, na sauti ya mtu ni mtu mwenyewe. Barua haina macho.

Dativa angekuwepo tusingefika huku. Alinikalia wodini tangu waliponitoa hicho kidole tumbo, kisha serikali ikampeleka visiwani kusimamia mitihani ya kidato cha nne, na huko simu zao zimefungiwa hadi mitihani iishe. Alilia wakati wa kuondoka. Nikamwambia, nenda mwanangu, mume wako yupo. Amepanda mtumbwi ndipo nikakumbuka kwamba mume wake ndiye mkwe wangu!

Basi tukubaliane. Ukipita ukumbini, kohoa. Nasma atakuja asubuhi na jioni, ataniogesha na kuniletea chakula na barua. Daktari alisema nile vyakula laini, nitembee kidogo, mshono usilowe, na homa ikipanda nirudi hospitali haraka. Juu ya senene, panzi wetu watamu, hakusema neno. Nasikia mwaka huu wameanguka kwa wingi.

Na hayo maganda niliyoyaona dirishani: unamenya ndizi, mkwe wangu, au unachonga mtumbwi? Nusu ya chakula umewapa mbuzi.

Kwa heshima,
Mama mkwe wako, Theopista


Sebuleni
13 Novemba 2024, jioni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama vile niko mbele yako. Nafurahi kusikia unacheka, hata kama mshono unalalamika. Mimi ni mzima. Chafya ilikuwa ya pilipili.

Duka nimelifunga. Wenye pikipiki wanaotaka vipuri watanivumilia, au wataenda kwa mwingine. Dativa ameniachia mama yake, na mimi sina kazi nyingine mwezi huu isipokuwa wewe upone.

Nasma anakuletea kipimajoto. Weka kwapani asubuhi na jioni, kisha mwambie namba aniletee. Ikifika thelathini na nane tunaondoka, hakuna mjadala.

Kuhusu ndizi, nakubali kosa. Kuhusu kukohoa, leo nimekohoa kwa utii mpaka mzee Kahigi wa nyumba ya pili ameniletea tangawizi. Na senene nitawafuata sokoni, niwakaange mwenyewe. Usiogope, hao hawamenywi.

Mkweo,
Rwekaza


Chumba cha nyuma
15 Novemba 2024

Mkwe wangu,

Salamu sana. Namba ya jioni ni thelathini na sita na kitu. Sina shida yoyote.

Nasma anakwenda Kashozi kwenye harusi ya mdogo wake na atalala huko. Usitafute mtu mwingine, nitajihudumia. Weka uji mlangoni, gonga, uondoke.

Senene wako wanarudi. Si kwamba ni wabaya, nimeshiba tu. Mwandiko umekwenda upande kwa sababu ya kalamu.

Mama mkwe wako


Mlangoni kwako
16 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa nitakayoyasema.

Nimekaa na hii sahani ya senene nikiitazama. Nimewaonja: wamekauka vizuri, chumvi ipo. Nikasema, Mama anaweza kukataa ndizi zangu, ana haki. Lakini Mhaya, mwezi wa Novemba, arudishe senene bila kugusa hata mmoja? Waitu, mama yangu, hiyo si shibe. Hiyo ni homa.

Nikampigia Nasma huko Kashozi. Amekiri kwamba hicho kipimajoto hajawahi kukiona kikitoka kwapani mwako. Namba unampa kwa mdomo, naye anazileta. Uji wa asubuhi bado uko hapa chini, umeganda. Nimekohoa, nimegonga, nimeita. Kinachonijibu ni meno yako yanavyogongana.

Najua unachoogopa. Ukisema una homa, mtu lazima akuinue na kukupeleka, na mtu aliyepo ni mimi. Mama, hata mimi naogopa. Nimelelewa kama wewe. Lakini naogopa zaidi kumweleza Dativa kwamba mama yake alizidiwa na mimi nimesimama mlangoni na heshima zangu.

Bajaji ya Mwesiga iko nje. Karatasi hii naipitisha chini ya mlango. Jifunike kanga, na kichwa pia. Halafu naingia. Nitatazama dari.

Rwekaza


Nje ya wodi ya wanawake, Bukoba
20 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje leo? Nesi ananiambia homa imeshuka, usaha umetoka wote, na jana uliomba uji mara ya pili. Daktari anasema kidonda kilikuwa kimeoza kwa ndani, na kwamba tungengoja kidogo angekuwa anatupa maneno mengine. Nilitoka nje nikakaa chini kwenye majani na suruali yangu ya kanisani.

Lakini hujaniandikia neno. Nikileta chupa ya uji unageukia ukutani. Nesi ameniuliza kama mimi na wewe tumegombana. Ninaumia, Mama, sitaficha.

Nilikubeba, ni kweli. Nilikushika mikono na mgongo. Na kwa kuwa nilikuwa natazama dari, nilikugonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Kwa hilo peke yake naomba radhi. Kama nimekuvunjia heshima, sema. Nitapeleka mbuzi wa faini Muleba, wazee wakae, waniambie la kufanya. Na ukiruhusiwa kutoka, mimi nitahamia kwa mzee Kahigi, nyumba iwe yako na Nasma.

Mkweo, kama bado ni mkweo,
Rwekaza


Kitendaguro
24 Novemba 2024

Mwanangu Rwekaza,

Hujambo, mwanangu? Umelala salama huko kwa Kahigi? Anakoroma, najua, ukuta hauzuii. Mimi ni mzima. Kidonda kinasafishwa kila siku kwenye zahanati na nesi anakisifu kama mtoto wake. Nundu ya kichwani imekwisha.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua pa kuanzia. Nilipogeukia ukuta sikuwa na hasira. Nilikuwa nalia, na sikutaka unione.

Nilipojifungua Dativa, mama yangu mzazi alikuja kunitunza. Siku moja nilimpeleka mtoto kliniki, na huku nyuma homa ikampanda mama. Aliyekuwa nyumbani ni mume wangu tu. Alikaa barazani tangu asubuhi. Aliita, akakohoa, akaita tena. Hakuingia. Alimtuma mtu anitafute, na niliporudi mama alikuwa hajitambui. Hakuiona siku iliyofuata.

Msibani wazee walimsifu mume wangu. Walisema, huyu ni mkwe mwenye heshima, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mwema, sina ubaya naye hata leo kaburini. Lakini kila aliposifiwa nilitamani mama yangu awepo.

Na mimi, mwenye kuyajua haya yote, nikajifungia chumbani na homa ileile, nikadanganya namba, nikakuacha nje ukikohoa. Mila ilikuwa imenikaa mahali ambapo akili haifiki.

Halafu nikasikia kitasa. Nilitaka kukufukuza. Uliponiinua nilisikia moyo wako unavyodunda, nikajua unaogopa kuliko mimi, na hukuniachia.

Kwa hiyo mbuzi wako sitaki. Umenikosea heshima, Rwekaza. Umeingia nilipokukataza, umenishika, umenigonga kichwa. Kama mume wangu angemkosea mama heshima hivyo, Dativa angemjua bibi yake.

Nasma amepika, yuko njiani kukuletea barua hii. Nimemwambia aweke sahani mbili mezani, sebuleni, na ya pili si yake. Mimi nimeshakaa. Usiniandikie jibu. Njoo ule, na unitazame usoni.

Mama