Mwalimu, Koti Lako Lipo

Mwalimu Osmundi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini hata ulipokuwa hai uliitikia "marahaba" huku umeshageuza shingo kumfokea mtu mwingine, kwa hiyo tofauti si kubwa sana.

Niko Mpepai, kwenye ua wa kigango, nimekalia debe nililolipindua kama ulivyozoea kukaa wewe. Nasubiri waigizaji. Wamenikodi niwatengenezee igizo la sikukuu ya mtakatifu somo wao, na mpaka sasa amekuja malaika mmoja tu, tena kaja kunieleza kwamba haji. Kahawa imeiva, Mwalimu. Unawajua Wamatengo kahawa ikiiva. Hata ukiwaambia Bwana Yesu anashuka leo, watakuuliza kama hawezi kusogeza mpaka wamalize kuchuma. Basi badala ya kukaa nakuna kichwa, nikaona nikuandikie. Nina mambo ya kukwambia na mengi si mazuri.

Kwanza nina hasira na wewe. Naanza na hiyo isije ikapoa.

Ulinikuta sekondari, binti wa Lituhi anayeongea kwa kunong'ona. Likizo ukaja kwetu, ukanisimamisha mchangani, wewe ukaenda mbali kule mitumbwi inakovutwa, ukaniambia nikusimulie jana yake nilikula nini. Upepo unavuma, ziwa linapiga kelele. "Sikusikii, Skola! Ulikula nini?" Nikapaza sauti, "Dagaa!", mpaka akina mama waliokuwa wakianika wakaacha kazi kunitazama. Ukanijibu kutoka kule, "Hiyo hata usingesema, Mnyasa wewe, nimeinusa tangu jana!" Mama yangu alicheka akakaa chini. Ukoo wenu na wetu ni watani tangu mababu walipooana, lakini mimi na wewe utani wetu ulianza siku ile. Nami nikalipiza ulipopanda mtumbwi kurudi, ukashika kingo mbili kwa mikono miwili na macho umefumba, Mngoni mzima, na maji hayajafika hata magotini.

Nilipomaliza chuo na ajira zikatangazwa, wewe ndiye uliyeniambia nisiombe. "Ukiajiriwa utasimamia foleni ya uji mpaka usahau jukwaa." Nikakusikiliza kama sakramenti. Walioomba leo wana bima, wana nyumba wameshapaua. Mimi nina begi. Leo niko shule hii nafundisha ngonjera za mahafali, kesho niko ziwani na watu wa mradi wanaotaka igizo la kunawa mikono lakini lisichekeshe sana, Jumapili niko kigangoni namfundisha malaika asijikune. Na kila niendako naulizwa, "Dada, ukiacha haya maigizo, kazi yako hasa ni ipi?" Ulinifundisha kusimama, kupumua, kunyamaza mpaka mtazamaji aanze kuhangaika kitini. Jibu la swali hilo hukunifundisha. Ukafa.

Sasa nikwambie msiba wako ulivyokwenda, maana hukuwepo. Ulikuwepo, lakini unanielewa.

Unakumbuka ulivyotuchukua darasa zima tukaenda kuzika mzee wa watu tusiyemjua, eti hilo ndilo somo la kwanza la uigizaji? Tukamkuta mtani wa marehemu amevaa kofia na kandambili za marehemu, anatembea kama marehemu, anawafokea wafiwa kwa sauti ya marehemu, kisha akaingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mjane alikuwa analia na kucheka kwa pumzi moja. Ukatunong'oneza, "Mtazameni vizuri huyo. Hakuna chuo kinachofundisha hiki." Na njiani ukaniambia, mimi, mbele ya wenzangu wote, "Siku yangu ikifika, mtani wangu ni wewe. Uniigize. Uniigize na ubaya wangu. Ukikaa unalia tu, nitajua nilipoteza muda."

Mwalimu, nilikuja kwako Kitai kufanya kazi yangu. Mama Yustina, mkeo, alinipa koti lako la kijivu mwenyewe, lile linalonuka tumbaku, na jikoni kwake nikachota majivu kwenye kopo. Nikapiga mstari kuzunguka kaburi kama ulivyokuwa ukipiga kila tulipokosa jukwaa: uwanjani, gulioni, kwenye vumbi la stendi. "Ukivuka majivu haya wewe si Skola tena." Nikavaa koti. Wazee wa Kingoni waliokaa chini wakaanza kuchekea viganjani, walishajua kinachokuja.

Sikuvuka. Mdogo wako Longino, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alinishika koti kwa nyuma kama anamkamata mwizi wa kuku. "Dada, leo si siku ya maigizo. Tuna viongozi." Na kweli, chini ya turubai viti vya mbele vilikuwa vimejaa watu wenye tai. Mshereheshaji akaomba utulivu kwenye spika. Wakanivua koti, wakanikalisha nyuma na akina mama wa kupika. Vijana wakachukua majembe, wakafuta majivu yangu kwa udongo uliotoka kaburini mwako.

Halafu wakasoma wasifu. Nisikilize uone. "Marehemu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na enzi za uhai wake alipenda pia michezo na burudani." Basi. Maisha yako yote hayo, michezo na burudani! Jirani yangu akaniuliza marehemu alikuwa anacheza namba ngapi. Uwanja mzima watu niliowajua, watu uliowafundisha kusimama mbele za watu bila kutetemeka, mapadri, madiwani, wapiga debe, na hakuna aliyeinua mkono akasema mmekosea, huyu alikuwa mtu wa jukwaa.

Na unajua nani alifuatia kusema? Mkuu wako wa shule. Yule yule aliyegeuza chumba chetu cha maigizo kuwa stoo ya mahindi tulipowapeleka wanafunzi kuigiza Songea, tukarudi tukakuta vinyago na mavazi yamerundikwa nje yananyeshewa. Yule uliyemrushia funguo za chumba hicho miguuni, ukaondoka shuleni na usirudi tena. Alishika kipaza sauti, akafuta jasho, akasema umeacha pengo. Pengo! Nilitafuna pindo la khanga mpaka likalowa.

Tangu waliponivua koti, Mama Yustina hakunitazama tena siku ile. Nilidhani amenikasirikia.

Halafu ikaja zamu yangu ya kujaribiwa. Mkuu wa shule alinipigia simu baada ya arobaini. Shule inafanya kumbukumbu yako, wanataka igizo la maisha yako, na nikilifanya vizuri nafasi ya mwalimu wa sanaa ni yangu, ya kudumu, na nyumba ya shule juu. Mwalimu, nilikubali. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mama yangu alipiga vigelegele akawatangazia mpaka wanunuzi wa dagaa kwamba Skola kapata kazi, kama vile miaka yote hii nilikuwa naumwa na sasa nimepona. Usinitolee macho huko uliko. Wewe ulikuwa na mke wa kukupikia na shamba la kahawa la wakwe. Mimi nina chumba cha kupanga Mbinga mjini na mwenye nyumba anayejua hatua zangu.

Nikawafundisha wale watoto vizuri. Kulikuwa na binti mmoja, Eda, nilimpa akuigize wewe, na alikupata: ule mwendo wako wa kuegemea kushoto, kidole chako hewani, na ile kauli yako mwigizaji akianza kutoa machozi, "Nani kakwambia ulie hapo? Mwache mtazamaji alie!" Tukaweka na hasira zako. Tukaweka siku ya stoo, mavazi kwenye mvua, funguo zikiruka.

Mkuu wa shule alikuja kuona mazoezi. Alikaa mpaka mwisho, akaniita pembeni kwa upole sana, ule upole wa mtu anayekushikia mlango utoke. Akasema marehemu hasemwi vibaya. Akasema ile sehemu ya funguo ibaki, ila Mwalimu azikabidhi. Azikabidhi kwa tabasamu, wapeane mikono, wimbo wa shule uanze. Nikamwambia, mkuu, hazikukabidhiwa, zilikupiga kwenye kiatu. Akasema, "Fikiria ajira yako, binti."

Nikafikiria. Naapa nilifikiria. Niliwaza nyumba ya shule, nikawaza mama yangu atawaambia nini wanunuzi wa dagaa. Ila kila nikijaribu kumwonyesha Eda namna ya kutabasamu na zile funguo mkononi, mkono wangu mwenyewe unagoma. Yule wa kukabidhi hakuwa wewe, na mimi nilishakataliwa kukuigiza mara moja. Mara ya pili nikuigize uongo kwa mshahara? Nikachukua begi langu.

Kazi alipewa Fadhili. Ndiyo, Fadhili wetu, uliyemtoa kwenye kuita abiria stendi ya Kitai ukamfanya mwigizaji. Sikumlaumu, ana watoto. Aa, namdanganya nani? Nilimlaumu, na bado namlaumu. Siku ya kumbukumbu nilisimama mlangoni nikaona wamekuvalisha tai, wewe uliyesema tai ni kamba ya mbuzi. Ukakabidhi funguo. Ukatabasamu. Wimbo ukaanza, na maskini Eda, aliyejua vizuri ulikuwa nani, akaanza kulia machozi ya kweli katikati ya jukwaa. Watu wakapiga makofi, wakadhani ni ufundi. Mama Yustina akaitwa mbele akapewa blanketi na picha yako kwenye fremu, akavipokea. Nilirudi kwa bodaboda natukana njia nzima, dereva akaniuliza kama namtukana yeye.

Nikasema basi, naacha. Nitakwenda kwetu kuanika dagaa na mama, atakayeniuliza kazi yangu nitamwonyesha chekeche. Hii ya Mpepai niliichukua iwe ya mwisho.

Lakini juzi Mama Yustina kanipigia simu. Wamemaliza kulijengea kaburi lako, Jumamosi wanasimika msalaba. Nikampa pole, nikaanza kujieleza habari za siku ya mazishi, akanikatiza. Akasema, "Skola, koti lipo. Longino alilificha, nikamnyang'anya." Kisha akasema hivi: "Mwaka mzima watu wananipa pole kwa ajili ya mtu simjui. Aliyezikwa na spika simjui. Yule wa tai simjui. Mimi nililala na mtu mkorofi anayenuka tumbaku, na hakuna aliyenizikia huyo. Niletee mume wangu nimlilie."

Mwalimu, hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Sijui kama itanilisha. Bado nina hasira na wewe na sitaki kuambiwa niiache. Lakini anayeniuliza sasa nina cha kumjibu, hata kama atacheka.

Malaika wangu karudi, anachungulia kwenye kona ya kigango, kaja na wenzake wawili, mikono myekundu kwa kahawa. Ngoja nimalize.

Pumzika, mzee wangu, kama unajua kupumzika. Mimi nakuahidi hivi. Jumamosi nitashuka Kitai mapema, nitapita jikoni kwa Mama Yustina nichote majivu, na safari hii Longino akinishika nitamwachia khanga mkononi. Nitavaa koti lako, nitapiga mstari kuzunguka kaburi lako. Nitavuka. Nitaegemea kushoto, nitawafokea wote, nitamrushia mtu funguo, nitapanda mtumbwi usiokuwepo nikishika kingo na macho nimefumba, mpaka mkeo acheke halafu alie kama alivyotaka. Mimi sitalia ndani ya mstari. Nitakapomaliza nitakuvua, nitakukunja, nitakuweka chini ya msalaba wako, nitoke nje ya majivu peke yangu. Huko nje usinifokee, Mwalimu, maana huko nitakuwa Skola, na nitalia ninapotaka.

Mtani wako,
Skola