Ngata ya Chausiku

Asia shoga, natoka kwa bibi sasa hivi. Nimeinama kuinua ndoo, kiuno kikagoma! Bibi kacheka mpaka machozi. Eti nimemrithi mama yake, Mwajuma. Hebu sikia.

Enzi za Mjerumani, reli imeshafika Morogoro. Mwajuma na jirani yake Chausiku wanateremsha ndizi kichwani kutoka Kinole kwenda sokoni. Wakirudi, Mwajuma anakandwa kiuno kwa maji ya moto. Chausiku anatwanga huku anaimba! Mzigo uleule, mlima uleule!

Wivu ukamtafuna Mwajuma. Kila safari anamchunguza mwenzake: Chausiku anachuchumaa, anaukumbatia mzigo kifuani, anainuka kwa nguvu za miguu, kila kijito anapumzika. Mwajuma anayaona yote na haamini. Akajiambia, "Dawa imo kwenye ngata." Ile ya kuwekea mzigo kichwani!

Chausiku alipokwenda mtoni, Mwajuma akanyata mpaka uani kwake. Ngata iko chini. Akainama, akaiokota, akaifumua. Majani makavu ya mgomba. Majani tu, shoga!

Akataka kusimama. Kiuno, kah! Akabaki kainama vilevile, ngata mkononi, mpaka mwenyewe akarudi.

Chausiku kamtazama weee. "Mwajuma, hata kuiba unainama? Si ungechuchumaa?"

Kisha akachuchumaa, akambeba mgongoni, akamrudisha kwake mpaka kitandani. Hakuguna hata mara moja.

Bibi anasema kiuno kilipona baada ya wiki. Kule kutoguna, mama yake hakukusamehe mpaka anaingia kaburini.