Daraja Nililomtungia Tata

Nyakakika,
Karagwe, Kagera.
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Egbert,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umejibu kimoyomoyo, hata kama huko Johannesburg Jumapili unalala mpaka saa nne. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipata, marahaba sana. Hujambo lakini? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi yenu? Mkeo na watoto wanakula vizuri? Mwaka jana ulipokuja ulikuwa umekonda mpaka nikaona aibu mbele ya majirani, wakadhani dada yako hana migomba.

Sisi huku hatujambo. Mama presha inapanda na kushuka, ila bado anagombana na kuku wake kila asubuhi, kwa hiyo sina wasiwasi sana. Kahawa mwaka huu imekubali. Nakuandikia nikiwa kwenye kigoda mbele ya nyumba, buni zimeanikwa hapa miguuni, na kila baada ya mistari miwili nainuka kufukuza mbuzi. Ukiona mwandiko umepinda, mlaumu mbuzi.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani. Simu yangu haina siri. Wajukuu wanaishika kutwa, na ujumbe wa sauti ukifunguliwa hapa unasikika mpaka barabarani. Barua hii anakuletea Placida, binti wa mwalimu jirani yetu, anayerudi chuoni huko kwenu. Nitaifunga kwa gundi na juu nitapitisha uzi. Isome ukiwa peke yako, na ukae chini kwanza.

Egbert, naogopa. Nina miaka hamsini na mitano, nimezika mume, nimeua nyoka kwa mwiko, lakini woga huu wa sasa sijawahi kuuona. Chakula hakipiti. Mtu akipiga hodi nashtuka.

Woga wenyewe umeletwa na katuni yako. Si ile ya kwanza ya Kashaija, hiyo watoto wa hapa wameikariri yote, wanarukia vichuguu wakijiita Kashaija mpaka wanavunja mikono. Nasema hii mpya, inayomweleza baba yake Kashaija kabla ya Kashaija kuzaliwa. Kile kipande cha dakika mbili ulichotutumia kimezunguka Karagwe yote. Shujaa Rwiza na mkuki wake, anasimama peke yake darajani, maadui mia wanakuja, naye hageuki. Halafu mwishoni maandishi yanatokea: kwa kumbukumbu ya baba yangu, Anatory Rwiza, aliyefia vitani akilinda daraja.

Mama alikitazama mara moja, akanirudishia simu, akaenda kupalilia.

Basi majuzi kamati ya parokia imepanga kuionyesha yote ukumbini mwezi wa tisa, ukutani, watu wote. Na wazee waliopigana vita ya mwaka sabini na nane watakuja kwanza hapa nyumbani kuweka shada la maua kwenye kaburi la baba yetu, Tata. Mzee Deodatus, mwenyekiti wao, alikuja mwenyewe kutupa taarifa. Unakumbuka kwamba yeye na Tata waliitwa mgambo siku moja. Alikunywa chai yake, akaaga, na alipofika pale kwenye migomba ya mwisho akageuka akaniuliza, Auleria, daraja lipi hilo? Nikamwambia ni katuni tu, mzee wangu. Akasema haya. Akaenda zake. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Mdogo wangu, hakuna daraja. Daraja nililitunga mimi.

Ulikuwa na miaka saba. Ulirudi kutoka shule umelia mpaka umevimba macho, wenzako wamekuambia huna baba, umeokotwa. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Ukaniuliza Tata alikufaje, nami mdomo ukafunguka wenyewe. Nikakuambia alisimama darajani peke yake, hakugeuka. Ukaacha kulia. Kesho yake ukataka tena, nikaongeza maadui. Wiki nzima nilikuwa naongeza. Ukaanza kumchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na Mama hakukuchapa. Ningejua kwamba ukuta ule utafika kwenye televisheni ningekuambia alikufa kwa malaria, tukamaliza.

Sasa nakuambia nilichokiona. Nilikuwa na miaka minane. Tata aliondoka na wenzake mwezi wa kumi na moja. Kabla ya Krismasi, asubuhi moja nimetumwa kuokota majani makavu ya kufunikia ndizi, nikamkuta mwisho wa kibanja chetu, shamba la migomba, kule chini, amejifukia kwenye majani hayo hayo. Hana bunduki, hana kiatu kimoja. Nilitaka kupiga kelele akaniziba mdomo. Mkono wake ulikuwa unatetemeka hata ukatikisa meno yangu. Akaniambia, Auleria, nimeogopa. Hivyo tu. Nimeogopa.

Siku nne nilimpelekea chakula. Nilikuwa nadokoa ndizi zilizopikwa, naziweka chini ya kikapu, juu napanga kahawa mbivu, mtu akiniona aseme huyu mtoto anajua kuchuma. Tata alikuwa anashindwa kushika ndizi, namlisha. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata Mama, maana wakimkamata watampiga risasi kama mtoro. Siku ya tano sikumkuta. Wewe ulikuwa tumboni, ulizaliwa mwezi wa tano uliofuata.

Vita ikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Baada ya mwaka wazee wa ukoo wakasema azikwe. Hukuona, ulikuwa unatambaa. Kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana anazikwa kwa mgomba: walikata mgomba wa urefu wake, wakauvika koti lake la kanisani, wakaulaza kaburini. Na unajua kwa utaratibu wetu udongo wa kwanza anatupa mtoto mkubwa. Mtoto mkubwa ni mimi, Egbert. Nilijua hayuko mle. Nilijua yuko hai mahali fulani. Nikainama nikachota udongo nikatupa, wanawake wakalia, nami nikalia, maana niliona nimemuua mwenyewe.

Kama ingeishia hapo ningekufa nayo. Sasa sikiliza.

Unamjua Mackrine, anayeuza mitumba kwenye magulio ya Kyerwa. Alhamisi iliyopita amerudi kutoka Bugomora, akaja moja kwa moja jikoni kwangu anacheka. Kule huwa anafikia kwa mwanamke mmoja anaitwa Ainembabazi. Huyo mwanamke anamuuguza baba yake, mzee aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mto, Uganda, yapata miaka miwili. Mackrine akawaonyesha katuni kwenye simu, kujisifu kwamba mchoraji ni mtoto wa jirani. Yule mzee akaangalia mpaka mwisho. Akasema, huyo mtu mkuki kaushika kwa mkono usio wake, Rwiza mwenyewe alikuwa anatumia wa kushoto.

Halafu akamtuma Mackrine aje aulize jambo moja. Amuulize dada wa mchoraji kama bado anaficha chakula chini ya kahawa.

Mackrine alikuwa anacheka, eti wazee bwana wakizeeka wanachanganyikiwa. Mimi nikakaa chini pale pale kwenye maganda ya ndizi. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Hakuna mtu duniani anayejua habari ya kikapu kile isipokuwa mimi na yeye.

Tata yuko hai. Yuko Bugomora, basi la asubuhi mtu anafika kabla ya mchana. Ana ugonjwa wa figo, kavimba miguu, Mackrine anasema hatafika msimu wa senene, mwezi wa kumi na moja. Anataka kurudi nyumbani kabla hajafa. Na tuna mdogo wetu wa kike, Ainembabazi, jina lake unajua maana yake, Mungu ana huruma. Sijui nimchukie au nimshukuru.

Naogopa kila upande. Nikimwambia Mama, presha itamchukua, amekaa mjane miaka yote hii, kila Novemba anapeleka maua kaburini. Nisipomwambia, Tata atakufa kwa watu na atazikwa mara ya pili, tena ugenini. Namuogopa Mzee Deodatus. Sijui hata kama serikali bado inamtafuta mtu aliyekimbia zamani hivyo, na nani nitamuuliza bila kujitaja? Nakuogopa wewe, maana umempenda yule wa darajani maisha yako yote, na mimi ndiye niliyekupa.

Tena kuna jambo la kaburi. Aliyezikwa kwa mgomba akirudi haruhusiwi kuingia kwake mpaka kile kilichozikwa kitolewe, na anayekitoa ni yule yule aliyetupa udongo wa kwanza. Mikono yangu. Juu yake kuna vigae ulivyotujengea mwaka jana, na neno SHUJAA. Naogopa kuinua jembe pale mchana kweupe watu wakipita.

Nakuomba, ondoa yale maandishi. Mimi nitafikiria mengine.

Jumatano, 16 Julai

Egbert, barua sikuimaliza, namshukuru Mungu, maana ungepata nusu ya habari.

Jana asubuhi nimetoka kuanua maturubai ya kahawa, nasikia ko, ko, ko. Nikadhani ni ndege gani huyu. Nimezunguka nyumba, namkuta Mama kaburini. Amekaa kwenye kigoda chake, amefunga kanga kiunoni, anapiga vigae vyako kwa kisigino cha jembe. Herufi mbili zimeshavunjika. Nikapiga ukelele, Mama una nini! Akaniambia nipunguze sauti, nitaamsha watoto.

Alimsikia Mackrine. Alikuwa nyuma ya jiko na kuku wake. Unajua masikio ya Mama, ukimwita kula hasikii, ukinong'ona anasikia. Siku tano alikuwa ananiangalia nisivyokula, ananingoja niseme. Nikaanza kulia, nikamwambia yote, kikapu, majani, siku nne. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "We mtoto, ulidhani zile ndizi zilikuwa zinaongezeka zenyewe kwenye sufuria?"

Egbert, alijua. Alimwona siku ile ile niliyomwona mimi, kabla yangu. Hakumsogelea, maana nyumbani walikuwa wanapita watu wa kamati ya ulinzi kila saa, na mtoto hashukiwi. Akawa anapika za ziada na kuzichelewesha mezani ili nipate kudokoa. Nilijiona mwizi hodari!

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulikubali azikwe? Akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyosema: "Aliyezikwa hatafutwi." Waliomsaka walikuwa wameshakuja mara mbili kumuulizia. Baada ya mgomba kuzikwa hawakuja tena. Alimzika ili aishi, na yeye akabaki mjane wa mtu aliye hai, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mimi nilikuwa namficha na yeye ananificha. Miaka arobaini na sita, mama na binti tunapika jiko moja.

Mzee Deodatus pia anajua, Mama anasema, tangu siku ya kwanza. Alilala handaki moja na Tata. Swali lake la daraja lilikuwa kututahadharisha kabla ya watu wengine kuuliza. Jana jioni Mama alimwita. Akaja, akatazama vigae, akavua kofia, akasema na yeye aliogopa vile vile, ila miguu yake ilikataa kukimbia. Basi hakuna shada la maua.

Tunafukua Jumamosi, tukishamaliza misa ya asubuhi. Mackrine atakuja naye kwa gari la mizigo la shemeji yake, wamemtandikia godoro. Jembe nitashika mimi. Mama ameshanionyesha nianzie upande wa miguu. Bado naogopa, nisikudanganye, hapa kalamu inateleza kwa jasho. Sijui nikimwona nitamwambia nini. Pengine nitampa ndizi.

Kuhusu katuni, Mama ana maneno yake. Anasema daraja uliache, Rwiza wa katuni ni wa katuni, abaki na maadui wake mia na watoto wafurahi. Jina la Anatory ndilo ulitoe pale kwenye kumbukumbu, maana mwenyewe anarudi na atalihitaji. Mimi naongeza la kwangu. Kama kuna nafasi hata ya dakika moja, mchore kabla ya darajani, amekaa kwenye majani makavu, mkono unatetemeka. Mkono wa kushoto.

Nisamehe, mdogo wangu. Ukikasirika, kasirika, lakini panda ndege.

Msalimie mkeo na watoto, mmoja mmoja. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta. Benadeta wa kwaya anakusalimu, na Mackrine, na Mzee Deodatus kasema nikuandikie salamu zake kwa herufi kubwa: SALAMU. Mungu akufunike huko uliko na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, niliyekudanganya kwa kukupenda,

Auleria

Nimefungua tena gundi kwa sababu hili nilisahau. Mackrine anasema jina lako lilipotokea mwisho wa kile kipande, yule mzee alimwomba alirudishe, akalirudisha mara nne. Halafu akauliza Egbert ni jina la kiume au la kike. Alipoambiwa la kiume, akageukia ukutani. Hakuwa amejua, Egbert. Miaka yote hiyo hakujua ulizaliwa nani.