Gatchina Siifuti

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kibet kapiga simu. Katibu wa kikundi chetu cha historia, cha wasema Kiswahili hapa Marekani, Mkenya, mpole, hajui kusema hapana — leo kajaribu. Mhadhara wangu wa tarehe 15 pale Annandale umezua maneno. Wanachama wanauliza kwa nini Urusi, tena sasa hivi. Eti nizungumzie Bagamoyo.

"Bagamoyo sikuishi," nikamwambia. "Gatchina niliishi."

Viangazi vitatu! Nilikuwa nasoma kemia Leningradi. Likizo tunapelekwa kubeba vifusi kwenye kasri la wafalme, mji mdogo tu kusini. Wajerumani waliliteketeza wakikimbia, mwaka 1944. Miaka arobaini baadaye kuta bado nyeusi.

Alhamisi, 6 Machi

Ryan kaja kula. Mwanangu wa pekee, miaka ishirini na tisa, yuko kampuni inayohudumia serikali. Sasa anachunguzwa ili apewe kibali cha kushika siri za nchi. Kaliona tangazo la mhadhara wangu.

"Mom, not now." Kisha Kiingereza mfululizo — kwamba kwenye fomu alishaeleza nilikosoma, wameshamhoji mara mbili, na mhadhara utarushwa mtandaoni. Nisubiri miezi sita.

"Nimesubiri miaka ishirini na minne, baba."

Kweli tupu. Nilipofika Marekani, hapa Springfield, mwaka 2001 niliambiwa digrii ya Urusi itaniharibia. Nikaifuta kwenye wasifu wangu. Mkemia mzima nikaenda kugeuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kuwatunza. Wazee sijutii. Kufuta ndiko ninakojutia.

Kaondoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika kutwa. Mji ule nao ulifutwa! Mapinduzi yakaja, ukapewa jina la kiongozi. Kiongozi akachukiwa, ukapewa jingine. Wajerumani wakaingia, wakaupachika lao. Walipofukuzwa — Gatchina tena.

Bibi Tamara, msimamizi wetu wa vifusi, alikuwa akisema amehama miji minne bila kutoka nyumbani kwao. Dada yake alikufa njaa majira ya baridi ya kwanza ya Wajerumani. Alinifundisha kuosha mawe yaliyochongwa kwa brashi ndogo, taratibu, kama unamnawisha mtoto uso. Nilimuuliza kwa nini ahangaikie nyumba ya wafalme. Akacheka. Wafalme alikuwa hawapendi hata kidogo! Ila mfalme, akasema, hajawahi kuchonga jiwe. Waliochonga ni mafundi.

Hilo lazima nilisome ukumbini, neno kwa neno.

Jumatano, 12 Machi

Adia wa kikundi chetu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni (sanifu kuliko changu!), kaniuliza kama nitagusa Ukraine. Swali la haki. Nitagusa, tena mwanzo kabisa. Mtu aliyebeba majivu ya mji mmoja kwa mikono yake hawezi kushangilia mwingine ukichomwa. Asiyetaka kusikia hilo, awe wa upande wowote, mlango uko wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Ujumbe wa Kibet: je, tusirekodi? Hapana.

Ryan hajapiga. Naogopa — naandika hapa kwa sababu kwingine sitasema. Akinyimwa kibali kwa ajili yangu, nitamtazama vipi?

Na bado nakwenda.

Jumamosi, 15 Machi

Chumba cha nyuma ya ukumbi. Nina dakika chache.

Watu kama arobaini! Nimeanza na Ukraine kama nilivyopanga. Nikaja kwenye majina ya mji, kisha Bibi Tamara na brashi yake — bwana mmoja aliyechelewa akasimama, akafoka kwamba hakuja kusikiliza propaganda. Nikamwambia akae. La vita nimelisema kabla hajafika! Nusu wakapiga makofi, nusu wakaguna. Kibet, jasho linamtoka, akatangaza mapumziko.

Kanifuata huku. Ananisihi nifupishe, na kamera izimwe.

Nikamwambia sifupishi, na haizimwi. Kama anataka, aizime mwenyewe mbele za watu. Katoka.

Nimechungulia. Watu hawajaondoka. Na Ryan yumo! Sikumwona akiingia. Amesimama kando ya kamera, koti hajavua, mkono kauweka juu ya mashine yenyewe. Kibet yuko mbele yake anamwambia kitu, Ryan anatikisa kichwa. Siwasikii. Sijui anamzuia asiizime au anataka kuizima yeye.

Taa nyekundu ya kamera bado inawaka.

Natoka hivyo hivyo. Nimebakiza kurasa sita na nazisoma zote.